Nilifuta Video Iliyonipa Watu Wengi Zaidi

Kama uliisevu ile video yangu ya feri, shukuru, kwa sababu kwangu haipo tena. Niliifuta Jumanne usiku. Wengi mmenijia inbox mkiuliza kama nimetishwa, kama kuna mkubwa amenipigia simu. Hakuna. Aliyenipigia ni mjomba wangu, na shida ni kwamba alikuwa sawa.

Kwa wale hawakuiona: nilikuwa kwa feri ya Likoni, saa kumi na moja jioni, tumebanana vile tunabananaga. Meli ya makontena ikawa inaingia Kilindini, na feri ikasubiri ipite, maana mbele ya meli sisi wote ni wadogo. Bomba lake lilikuwa linatapika moshi mweusi. Nikatoa simu, nikasema kwa sauti yangu ile ya kazi: "Mnaona hii? Meli kumi na tano kubwa kama hii zinachafua hewa kuliko magari yote duniani." Sekunde ishirini na mbili tu. Kufika asubuhi ilikuwa imetazamwa kuliko video zangu zote za mwaka mzima ukizijumlisha.

Sikuitunga hiyo sentensi. Nilikuwa nimeiona mahali, halafu mahali pengine, halafu pengine tena, na ukiona kitu mara tatu kwa simu unaanza kudhani ulikisoma shuleni.

Sasa mjomba. Ni kaka wa mama, na miaka kumi na kitu hii amefanya kazi ndani ya chumba cha injini, upande wa kupaka mafuta, kusafisha na kuangalia mashine. Huniita mjomba na mimi namwita mjomba, ndivyo ilivyo kwetu. Aliiona video meli yao ikiwa nje kabisa baharini, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Baharia akipata intaneti haongei kidogo.

"Mjomba, mambo? Nimekuona. Umependeza. Lakini hiyo habari yako ni ya salfa, si ya kaboni. Na ni ya zamani."

Nikairudia kuisikiza kama mara nne hivi. Alichokuwa anasema ni hiki. Hiyo hesabu ya meli kumi na tano ilianza kuzunguka mwaka wa 2009, na ilikuwa inahusu gesi za salfa peke yake. Petroli ya magari imeshatolewa karibu salfa yote, kwa hivyo ukilinganisha meli na gari kwa salfa, meli lazima ionekane shetani. Halafu tarehe 1 Januari 2020 sheria ya dunia ikabadilika: kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kikashushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Kuna meli zilizohamia mafuta mepesi zaidi, na kuna zilizofungiwa mashine ya kuosha moshi ili ziendelee na yale mazito. Kwa hivyo mimi, mwaka huu, nilikuwa nimesimama kwa feri nikitangaza hesabu ya salfa ya miaka kumi na zaidi iliyopita kama habari ya leo ya joto la dunia.

Kwa kaboni ukweli ni mwingine, na wenyewe unatosha bila kutiwa chumvi. Meli hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazopasha dunia joto. Zingekuwa nchi, zingekuwa ndani ya kumi bora za uchafuzi. Na zinabeba zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zote zinazouzwa kati ya nchi na nchi, kwa hivyo huwezi kusema zifungwe. Ukilinganisha tani kwa tani, kilomita kwa kilomita, meli inashinda lori kwa mbali na ndege hata usiiweke kwa mjadala. Video yangu ilikuwa imegeuza kitu kinachohitaji kurekebishwa kuwa kitu cha kuchukiwa.

Ningependa kuwaambia kwamba niliifuta siku hiyohiyo. Niliiacha wiki tatu.

Kuna kampuni ya taa za sola ilikuwa imeniandikia kwa sababu ya video ileile. Walitaka tufanye kazi, video tatu, na pesa waliyotaja ingelipa kodi ya nyumba miezi miwili. Nikajiambia nitairekebisha kwa maelezo chini. Nikajiambia nia yangu ni nzuri, kawi safi ni kawi safi, nani atasumbuka na salfa? Kila siku niliyongoja, watu walizidi kuishare. Kijana mmoja wa sekondari kule Nakuru akaniandikia kwamba ameitumia kwenye mdahalo wa shule, na wameshinda. Wallahi hiyo ndiyo iliniuma kuliko sauti ya mjomba.

Lakini kilichonifanya niandike hii leo ni mama.

Mama anauza mitumba Kongowea, nguo za watoto. Ukifika kibandani kwake Jumamosi asubuhi akiwa anafungua beli, utawakuta wateja wake wa siku zote wamejipanga wakingoja zile za kamera, zile nzuri za kwanza kabla hazijachaguliwachaguliwa. Ameelimisha watoto watatu kwa hiyo biashara. Na kila beli iliyopita mikononi mwake ilikuja ndani ya meli. Hilo sikuwahi kulifikiria, nimezaliwa nikivuka maji kila siku, na bado sikuwa nimeunganisha.

Jirani yake wa kibanda alimwonyesha video. Jioni akaniuliza, bila kunitazama, akikunja nguo: "Kwa hivyo wataka meli zisije?"

Nikamwambia hapana mama, nataka zilipe. Nikamweleza habari ya London. Kuna shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia meli, IMO, makao yake yako kule. Mwaka wa 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba meli zifikie sifuri ya uchafuzi ifikapo karibu 2050. Aprili 2025 zikapitisha mpango wa namna ya kufika huko: meli kubwa zikizidisha kiwango cha uchafuzi, zilipie kila tani iliyozidi, dola 100 kwa ngazi moja na dola 380 kwa ngazi kali zaidi, na pesa ziende kwa mfuko wa kusaidia mafuta safi na nchi maskini. Oktoba ilikuwa ya kuuidhinisha rasmi. Marekani ikatishia nchi zitakazounga mkono, mambo ya viza, ushuru na ada za bandarini. Saudi Arabia ikaomba kikao kiahirishwe. Kura zikapigwa, 57 kwa 49, kikaahirishwa mwaka mzima. Na kumbuka viongozi wa Afrika walikuwa wameomba tozo ya kaboni kwa usafiri wa meli tangu Septemba 2023, kwenye lile Azimio la Nairobi, pale KICC, mbele ya kamera zote.

Mama alisikiza yote. Halafu akasema, "Na hiyo dola mia itatoka mfukoni mwa nani?"

Nilikuwa na jibu la haraka, lile la "wachafuzi walipe". Nikaona aibu kulitoa. Mchafuzi ana mwenye mzigo, mwenye mzigo ana muuzaji wa jumla, na muuzaji wa jumla ana mama yangu.

Mwisho wa 2023, wakati meli zilianza kushambuliwa Bahari Nyekundu, zile za kutoka Ulaya zikawa zinazunguka Afrika nzima kupitia kusini. Beli ya nguo za watoto kutoka Uingereza ikapanda zaidi ya elfu mbili. Mama hakusoma habari yoyote ya Yemen. Aliambiwa bei tu. Na Novemba ya mwaka huohuo mvua ilipofurika Mombasa, maji yaliingia Kongowea na beli tatu zikaoza kabla hazijafunguliwa. Kwa hivyo usimwambie mama kuhusu mabadiliko ya tabianchi kama kwamba ni somo. Alilipa upande wa meli na upande wa mvua.

Nikakaa chini na kalamu, nikampigia mjomba tukadirie. Sisi si wataalamu, nawaonyesha hesabu ili mtu akiona kosa aniambie mapema safari hii. Kontena la futi arobaini hubeba karibu beli 500 za kilo 45. Kulileta kutoka China au Uingereza, fungu lake la moshi wa meli tukaweka tani 4 za hewa ukaa, tukijua tumeweka juu kidogo. Chukulia kila tani imetozwa dola 100, ingawa mpango wenyewe ulikuwa utoze ile iliyozidi kiwango tu. Dola 400 kwa kontena. Gawa kwa beli 500, unapata senti 80 za dola. Kama bob mia moja kwa beli. Kwa ile ngazi kali ya 380 unafika kama bob mia nne.

Nikamrudia mama kwa furaha. Mia moja tu! Beli yenyewe ni maelfu!

"Mia moja," akasema. "Ikifika kwangu itakuwa elfu. Kila mtu njiani atasema ni ile kodi ya moshi."

Sina jibu la hilo mpaka leo. Bado naunga mkono tozo, sijabadilisha, kwa sababu beli tatu zilizooza zilikuwa ghali kuliko mia moja mara nyingi sana na hakuna aliyetulipa. Lakini mtu yeyote anayepigia debe kodi ya meli huku hajakaa na muuza mitumba, naomba akae kwanza. Ajue kwamba yule mama ameelewa uchumi kumshinda.

Kuna kitu kingine ambacho mjomba alinieleza, na hiki kwangu ndicho kikubwa, kwa sababu hakingoji London.

Meli ikifunga gatini haizimi. Injini kubwa ya kusukuma inalala, lakini ndani bado kuna taa, pampu, jikoni, viyoyozi, na yale makontena ya baridi yanayobeba vitu kama parachichi zetu zinazoenda Ulaya. Vyote hivyo vinataka stima. Kwa hivyo jenereta za meli zinawaka mchana na usiku, siku nzima ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ing'oe nanga. Moshi wake hauendi katikati ya bahari. Unashuka Likoni, Mtongwe, Changamwe na kisiwani. Ukiishi ng'ambo unajua ule unga mweusi kwenye vyombo ulivyoanika nje. Sisi tumezoea kuuita vumbi.

Dawa yake ipo na si ya kuvumbuliwa. Ni waya. Unachomeka meli kwa stima ya nchi kavu, jenereta zinazimwa. Kule California, tangu 2014 sheria inazibana kampuni za meli za makontena na za watalii kupunguza kuwasha jenereta bandarini. Ulaya wamesema ifikapo 2030 meli za makontena na za abiria kwenye bandari zao kubwa lazima zichomekwe. Najua inasikika rahisi na si rahisi hivyo. Meli nyingi zinatumia stima ya hezi 60 na yetu ni hezi 50, kwa hivyo unahitaji mtambo wa kuibadilisha, na nyaya nene, na meli yenyewe iwe na pa kuchomeka. Ni pesa nyingi. Lakini ni pesa inayojulikana.

Na sasa sikiza hii. Olkaria, kule Naivasha, tumekuwa tukitoa umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Hakuna nchi Afrika inatushinda kwa hilo. Ukiongeza maji ya Tana na upepo wa Turkana, ile mitambo 365 ya Loiyangalani, takriban asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa kawi safi. Lakini mvuke wa ardhini hauwezi kuufunga kama bomba la jikoni. Saa mbili usiku, kila mtu amewasha taa na televisheni, stima haitoshi. Saa nane usiku tumelala, imezidi, na mvuke mwingine unaachiliwa tu upae hewani bila kuzungusha kitu. Stima safi, bure, inapotea usiku.

Saa hiyohiyo ya usiku, pale Kilindini, meli zimepangana gatini zikichoma mafuta zipate stima.

Nilipoielewa hiyo nilisimama. Nilikuwa kwa matatu, nikasimama kabisa, makanga akadhani nashuka.

Sasa msije mkaenda nayo hivyo mbio, nimeshachomeka mara moja. Laini kubwa ya kuleta umeme Mombasa kutoka Nairobi ipo, ya kilomita 482, tangu 2017. Lakini hapa Pwani bado kuna mitambo ya mafuta, Kipevu na Rabai, ambayo huwashwa mahitaji yakipanda. Ukichomeka meli saa mbili usiku unaweza kuwa umehamisha moshi kutoka bombani kwa meli hadi Kipevu, ambako ni jirani tu. Na sote tunakumbuka Agosti 2023 nchi nzima ilipotea stima, hadi uwanja wa ndege. Nahodha gani ataamini waya wako? Haya ni maswali ya kweli na nataka wahandisi wayajibu hadharani, si mimi kwa feri. Ninachosema ni kwamba saa zile za usiku wa manane hesabu inatukubalia, na hatujaanza hata kuipigia kelele.

Tukiamua kupiga kelele huwa tunasikika. Lamu walikuwa wajengewe mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wavuvi, wazee na vijana wa pale wakaenda na stakabadhi zao, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni. Walikwenda wakijua tani ngapi, majivu yatamwagwa wapi, watu waliulizwa lini na hawakuulizwa nini. Hakuna aliyekwenda na sentensi aliyoiona mara tatu kwa simu.

Niliandikia ile kampuni ya sola kwamba nafuta video na sababu yake. Walijibu vizuri, wakasema watanirudia. Sijaona. Kodi ya mwezi huu nimechangiwa na mama, na amenikumbusha mara mbili, kwa upole wake ule. Yule kijana wa Nakuru nilimtumia hesabu sahihi na samahani. Aliniuliza kama anafaa kurudisha ushindi. Nikamwambia amuulize mwalimu wake, mimi sina uso wa kushauri.

Juzi meli ya mjomba ikapita hapa. Usiku mmoja na nusu tu gatini, na zamu yake haikumruhusu kushuka. Mama alikuwa amepika samaki wa kupaka, akafunga, tukaenda hadi langoni, tukarudi nacho. Tulisimama Mama Ngina tukitazama upande ule, taa nyingi, huwezi kujua ya kwao ni ipi.

Saa nane kasoro usiku simu ikalia. Ujumbe wa sauti, dakika moja, na mjomba hakusema neno ndani yake. Aliweka simu kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala akarekodi jenereta. Mngurumo tu, ule wa chini unaousikia kwa meno. Chini akaandika: "Hivi ndivyo tunalala kwenu."

Mama alikuwa bado macho. Aliuchukua, akausikiza wote, akarudia. Halafu akauliza huo waya unauzwa bei gani.

Nimemwambia natafuta. Kama wewe ni mhandisi wa stima, au unafanya kazi bandarini na unaweza kunifungulia hizo hesabu bila kukuweka matatani, inbox iko wazi. Video mpya itangoja mpaka hapo.